Wizi wa maandishi huanzia kwenye fishi, si kwenye memwari

Msimu wa kutetea kazi za mwisho wa masomo unapokaribia hapa Bukavu, sekretaria zilizo jirani na vyuo hujaa wanafunzi wanaosubiri kazi zao zichapwe na kufungwa, na katika foleni hizo limeanza kusikika swali ambalo zamani halikuwapo, kuhusu programu inayokagua ni sehemu gani ya kazi inafanana na maandishi ya wengine: programu imekupa asilimia ngapi? Anayeulizwa hutaja namba yake, anayeuliza hutaja ya kwake, na mwenye namba ndogo huonekana kuwa mwandishi mwaminifu kuliko mwenzake. Kwa maoni yangu swali hilo linaulizwa mahali pasipo pake, tena kwa kuchelewa. Wizi wa maandishi, yaani kuwasilisha maneno, hoja, takwimu au mpangilio wa mawazo ya mtu mwingine kana kwamba ni vyako, mara nyingi hautendeki siku ya kuandika memwari, yaani ile kazi ya mwisho wa masomo. Hutendeka miezi kadhaa kabla, siku ambayo mwanafunzi anasoma kitabu na kunakili vifungu katika fishi zake, yaani kadi za kuandikia dondoo za usomaji, bila kuonyesha ni maneno ya nani, na yanayofuata baada ya hapo ni matokeo tu.

Sisemi kwamba hakuna wanaoiba kwa kukusudia. Yupo anayechukua TFC (kazi ya kumaliza ngazi ya kwanza ya chuo) iliyotetewa Goma au Uvira, akabadilisha jina la mtaa, mwaka na idadi ya waliohojiwa, kisha akaileta Bukavu kama kazi mpya. Na yupo anayemlipa mtu amwandikie kuanzia utangulizi hadi hitimisho. Hao hawahitaji somo la kunukuu. Wanahitaji watahini wanaouliza maswali ambayo ni aliyefanya utafiti peke yake anayeweza kuyajibu. Ninaowazungumzia hapa ni wengine, ambao naamini ndio wengi zaidi: wanafunzi wanaoapa kwa dhati kwamba hawakuiba kitu, huku kurasa zao zimejaa sentensi za watu.

Ili kuelewa jinsi hali hiyo inavyowezekana, inatupasa kukumbuka mwanafunzi huyo ametoka wapi. Kwa miaka kumi na miwili ya shule ya msingi na sekondari, alipata alama nzuri kwa kurudisha somo jinsi alivyolipokea ubaoni, na kadiri maneno yake yalivyofanana na ya mwalimu ndivyo alivyosifiwa. Alipofika chuo kikuu alinunua silabusi (maelezo ya somo yaliyochapwa), ambayo mara nyingi haina tanbihi hata moja ijapokuwa kurasa zake zimetokana na vitabu vya watu wengine, akaikariri na kufaulu. Mwaka wa mwisho, bila onyo kubwa, anaambiwa kwamba kurudisha maneno ya mtu bila kumtaja ni kosa linaloweza kumnyima shahada. Somo la mbinu za utafiti alilisoma, ndiyo, lakini nalo alilikariri kama masomo mengine. Mwalimu anayesambaza silabusi isiyo na vyanzo, kisha akamkaripia mwanafunzi kwa kutotaja vyanzo, anavuna alichopanda mwenyewe.

Wapo wanaodai kwamba kutaja chanzo ni desturi ya Wazungu iliyoletwa na vyuo, na kwamba kwetu maarifa ni ya jamii nzima. Sikubaliani nao. Katika Bushi, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu, mzee anapoitwa kutoa ushahidi juu ya shamba lililopatikana kwa kalinzi, yaani malipo ya kimila anayopewa chifu kwa ajili ya ardhi, hatosheki kusema kwamba mpaka unapita kwenye mti fulani. Hueleza ni nani aliyemwonyesha mpaka huo, alikuwa pamoja na nani, na wakati wa mwami (mtawala wa jadi) yupi. Asipoyasema hayo, upande wa pili utamuuliza, na ushahidi wake utapungua uzito. Tanbihi katika memwari hufanya kazi hiyohiyo: humpa msomaji njia ya kurudi nyuma hadi kwa aliyeona, aliyepima au aliyefikiri kwanza, ili aweze kuhakikisha mwenyewe.

Sasa tuangalie fishi. Mwanafunzi ameazima kitabu kwa saa mbili katika chumba cha kusomea, au amekipiga picha kwa simu kwa sababu hakiruhusiwi kutoka. Ananakili aya tatu kwa haraka, anaandika juu jina la kitabu, pengine na la mwandishi, lakini haandiki ukurasa wala haweki alama za kunukuu, kwa kuwa anaamini atakumbuka. Wiki mbili baadaye ana fishi thelathini za namna hiyo, na katikati yake zimo nyingine zenye mawazo yake mwenyewe aliyoyaandika usiku. Siku ya kuandika sura ya kwanza anazitandaza mezani, na zote zina mwandiko mmoja, wake. Sentensi nzuri aliyoinakili mwezi uliopita inamjia kama sentensi aliyoitunga. Anaiingiza katika aya, anaiunganisha na nyingine kwa kiunganishi, kisha mwishoni, direkta wa kazi, yaani mwalimu anayeiongoza, anapodai tanbihi, anazipachika kwa kukisia. Huyu hasemi uongo anapokana kuiba, lakini msomaji wa memwari yake amedanganywa vilevile.

Kwamba vurugu ya fishi si utetezi, tulionyeshwa na kisa cha Ujerumani kilichotangazwa sana mwaka 2011. Karl-Theodor zu Guttenberg, aliyekuwa waziri wa ulinzi, aligundulika kuwa tasnifu yake ya udaktari wa sheria ilijaa vifungu vya wengine bila kutajwa. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimwondolea shahada mwezi wa Februari, na tarehe 1 Machi akajiuzulu. Alijitetea kwamba kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye kompyuta kadhaa na diski nyingi hadi akapoteza mwelekeo wa kipi ni chake na kipi cha wengine. Tume ya chuo haikushawishika. Ilihitimisha kwamba alidanganya kwa makusudi. Miaka miwili baadaye, waziri wa elimu wa nchi hiyohiyo, Annette Schavan, naye alipoteza shahada yake na wadhifa wake. Ninavitaja visa hivi kwa sababu mbili. Kwanza, vinaondoa dhana kwamba jambo hili ni ugonjwa wa vyuo maskini. Pili, vinaonyesha kwamba msomaji, na mwishowe chuo, hahukumu kwa maelezo ya mwandishi juu ya nia yake bali kwa karatasi iliyo mbele yake.

Dawa ya fishi ni rahisi kiasi cha kudharauliwa. Kila fishi ianze na jina la mwandishi, kichwa cha kazi, mwaka na mahali ilipochapishwa, na kila kifungu kiwe na namba ya ukurasa kabla hata ya kuandikwa, kwa sababu ukurasa usioandikwa papo hapo hautafutwi tena. Maneno yaliyonakiliwa kama yalivyo yafungwe kwa alama za kunukuu tangu siku hiyo, hata kama huna mpango wa kuyanukuu. Muhtasari ulioutunga mwenyewe uandikwe bila alama hizo, lakini ukurasa ubaki. Na wazo lako, swali lako au pingamizi lako liandikwe kwa kalamu ya rangi nyingine, au kwenye upande wa pili wa fishi, pasipochanganyika na chochote. Anayetumia kompyuta afanye vivyo hivyo kwa rangi za maandishi.

Ugumu halisi uko kwenye ule muhtasari. Wanafunzi wengi wameambiwa kwamba wasinakili, waeleze kwa maneno yao, na wakaelewa kwamba wanatakiwa kubadilisha maneno machache. Nitunge mfano. Tuseme mwandishi fulani ameandika hivi: «Wakulima wadogo wa Kabare huuza maharage mara baada ya mavuno, wakati bei iko chini, kwa sababu wanahitaji fedha za karo, miezi michache baadaye hununua maharage hayohayo kwa bei ya juu.» Mwanafunzi anaandika: «Wakulima wenye mashamba madogo wa Kabare huyauza maharage yao punde baada ya kuvuna, bei ikiwa bado ndogo, kwa kuwa wanatafuta pesa za shule, baada ya miezi kadhaa huyanunua tena kwa bei ya juu.» Hapa mpangilio wa sentensi ni uleule, hoja zinafuatana vilevile, na kilichobadilika ni visawe. Hata akiweka jina la mwandishi mwishoni bado kuna udanganyifu, maana msomaji ataamini kwamba angalau usemi ni wa mwanafunzi.

Mtafiti wa Marekani Rebecca Moore Howard, aliyechunguza maandishi ya namna hii katika miaka ya 1990, alitoa hoja ambayo baadhi ya walimu wetu wangefaidika nayo: kwamba kuunganisha viraka vya maneno ya chanzo mara nyingi ni hatua anayopitia mtu ambaye bado hajaielewa vizuri matini anayoisoma, hivyo inahitaji kufundishwa zaidi kuliko kuadhibiwa. Nadhani ana haki, hasa kwa wanafunzi wetu wanaosoma kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wao hawaizungumzi nyumbani. Anayeogopa kuiacha sentensi ya mwandishi huogopa kwa sababu hajui kama atabaki na maana. Lakini hoja hiyo inamhusu anayejifunza, na inaisha nguvu pale kazi inapowekwa mbele ya watahini na kupewa shahada.

Mwanafunzi aliyeelewa kifungu kile cha maharage angekifunga kitabu kwanza, kisha angejiuliza kinamaanisha nini kwa utafiti wake. Angeweza kuandika hivi: «Kwa mujibu wa mwandishi huyo, kinachopanga wakati wa kuuza mavuno ni kalenda ya shule na wala si hali ya soko, kwa maana hiyo tofauti ya bei kati ya misimu miwili ni gharama ya elimu ambayo kaya haiioni katika hesabu zake.» Sehemu ya kwanza ni ya chanzo, imetajwa na kuwekewa ukurasa; sehemu ya pili ni tafsiri ya mwanafunzi, na hapo ndipo mtahini mzuri atakapomuuliza. Zingatia pia kwamba jina limetangulia. Tanbihi moja inayopachikwa mwisho wa aya ndefu haimwambii msomaji kama inahusu sentensi ya mwisho tu au zote nane, na wapo wanaoifurahia giza hiyo.

Swali la kawaida hufuata: je, kila kitu kitawekewa chanzo? La. Kwamba Ziwa Kivu lina gesi ya methani iliyoyeyuka katika vina vyake, kwamba Daktari Denis Mukwege alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, kwamba Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, hayo ni mambo ambayo yeyote anaweza kuyathibitisha popote na hayana mwenyewe. Mambo hubadilika mara tu unapoingiza kipimo kilichotokana na kazi ya mtu. Ukubwa wa ziwa hilohilo ni mfano mzuri: wapo wanaoandika kilomita za mraba 2,370 na wapo wanaoandika 2,700, na kila mmoja ana namna yake ya kuhesabu. Mwanafunzi anayeandika namba mojawapo bila chanzo amemnyima msomaji uwezo wa kujua ni hesabu ipi. Vivyo hivyo kwa kiasi cha gesi, idadi ya sokwe, au idadi ya wagonjwa waliotibiwa katika hospitali. Ukiwa na shaka, taja. Hakuna aliyewahi kunyimwa shahada kwa tanbihi iliyozidi.

Hoja nazo huibwa bila neno hata moja kunakiliwa. Anayezungumzia «maktaba ya kikoloni», yaani mkusanyiko wa maandishi ambamo Ulaya ilijitungia picha ya Afrika, ametumia dhana ya Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa mzaliwa wa Likasi aliyewahi kufundisha Lubumbashi. Aitumie, tena aipinge akitaka, lakini jina liwepo.

Tatizo ambalo nadhani ni kubwa kwetu kuliko kwingineko ni lile la tafsiri. Vitabu na makala mengi kuhusu Kivu yameandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyaweka kwenye programu ya kutafsiri, akapata Kifaransa safi, akakiingiza katika sura yake, na kwa kuwa Kifaransa hicho hakipo popote kwenye intaneti, anahisi kwamba kimekuwa chake. Hakijawa. Maneno yaliyobadilishwa lugha na mashine au na mtu bado ni maneno ya aliyeyaandika, na kanuni ni kuyanukuu, kutoa ukurasa wa chapa ya asili, na kuongeza kwamba tafsiri ni yako. Sura nzima za mapitio ya maandishi zinaweza kujengwa kwa njia hii na zisigunduliwe, kwa sababu direkta naye hana muda wa kusoma Kiingereza.

Sawa na hilo ni mazoea ya kumtaja mwandishi ambaye hukumsoma. Mwanafunzi anaona katika memwari ya mwenzake nukuu ya Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, yenye tanbihi kamili, anaichukua pamoja na tanbihi yake, na orodha yake ya marejeo inapambwa kwa kitabu ambacho hajawahi kukigusa. Kosa la aliyetangulia, kama alikosea ukurasa, linarithiwa kizazi hadi kizazi. Uaminifu unadai uandike kwamba umemsoma Durkheim kupitia fulani, hata kama fulani huyo ni mwanafunzi wa mwaka juzi na jina lake halina sifa. Na hapa niseme kidogo kuhusu «op. cit.» na «ibid.», vifupisho vya Kilatini vya «kazi iliyokwisha kutajwa» na «mahali palepale», ambazo walimu wetu wengi bado wanazipenda katika tanbihi: aya ikihamishwa kutoka sura ya pili kwenda ya kwanza, «ibid.» huanza kumwonyesha mtu mwingine kabisa, na wizi unazaliwa kwa kosa la uhariri. Programu ya Zotero, inayotolewa bure tangu mwaka 2006 na inayofanya kazi hata intaneti ikiwa imekatika, hupanga tanbihi upya yenyewe. Saa moja ya kuifundisha ingezuia makosa mengi kuliko kanuni za chuo zilizobandikwa ukutani.

Nimefika kwenye jambo ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulipitia juujuu, na ambalo hapa Bukavu ndilo lingestahili sura nzima: chanzo kisicho kitabu. Mwanafunzi wa maendeleo vijijini anakwenda soko la Kadutu kuwahoji akina mama kuhusu vikundi vya akiba vinavyoitwa MUSO. Mama mmoja muuza ndizi anamweleza, kwa Kiswahili na kwa mifano, kwa nini wanachama wenye biashara ndogo hukopa mara nyingi kuliko wenye biashara kubwa, na kwa nini kikundi huvunjika mwaka wa tatu. Maelezo hayo ni uchambuzi kamili. Katika memwari yanageuka kuwa «tumebaini kwamba», kwa Kifaransa, katika sura ya matokeo, na yule mama amebaki namba katika jedwali la waliohojiwa, kundi la wenye umri wa miaka 40 hadi 50. Angekuwa profesa wa uchumi, hoja ileile ingewekewa jina, mwaka na ukurasa. Najua jibu linalotolewa: kwamba usalama wa mkoa wetu unadai kuficha majina. Ni kweli, na mara nyingi ni lazima. Lakini kuficha jina si kufuta chanzo. Inatosha kuandika kwamba hoja hii ilitolewa na mfanyabiashara wa Kadutu, katika mahojiano ya mwezi fulani na mwaka fulani, kisha kusema wazi ni wapi maneno yake yanaishia na ni wapi uchambuzi wa mwanafunzi unaanzia.

Ukipanda ngazi, utakuta yaleyale yakiwapata watafiti wenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu kutoka ng'ambo wamekuja Kivu na kuajiri wasaidizi wanaojua barabara, lugha na watu. Wasaidizi hao hukusanya data, huzitafsiri, hueleza zina maana gani, na makala inapotoka, majina yao hayaonekani au yanaonekana katika mstari mmoja wa shukrani. Watafiti wa Bukavu wameandika hadharani kuhusu jambo hilo, na wamefanya vyema. Kuna kanuni za kupimia. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyotokana na mkutano wa Vancouver wa mwaka 1978, haimhesabu kuwa mwandishi mtu aliyekusanya data tu. Inamtaka pia ashiriki kuandika au kusahihisha, aidhinishe andiko na kuwajibika kwalo. Kanuni hiyo inaweza kutumiwa kumnyima msaidizi nafasi, kwa kutomwonyesha rasimu hata siku moja, lakini yenyewe inasema kwamba aliyetimiza sehemu ya kwanza apewe nafasi ya kutimiza zilizobaki. Nasi tusinyoshee kidole ng'ambo tu. Mwalimu anayechukua memwari aliyoiongoza, akaifupisha kuwa makala ya jarida ili apande cheo, na jina la mwanafunzi lisionekane, ametenda kosa lilelile, na ni vigumu kwake kulizungumzia darasani kwa sauti ya juu.

Sheria, kwa upande wake, inatusaidia kidogo tu. Sheria ya Kongo kuhusu haki za waandishi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda kazi dhidi ya kunakiliwa bila ruhusa, lakini uaminifu wa kitaaluma ni kitu kingine. Anayetoa fotokopi ya kitabu kizima mlangoni mwa chuo, jina la mwandishi likiwa juu, anaweza kuvunja sheria bila kuwa mwizi wa hoja. Na anayemnakili mwandishi aliyekufa karne mbili zilizopita hashitakiwi na yeyote, ila memwari yake bado si yake.

Turudi kwenye asilimia. Programu za kukagua, kama Turnitin ya Marekani au Compilatio ya Ufaransa, hulinganisha mfuatano wa maneno ya kazi yako na yaliyomo katika hazina yao, kisha hutoa kiasi cha yanayofanana. Hazisemi kama kufanana huko ni wizi. Kazi ya sheria iliyonukuu ibara nyingi kwa usahihi inaweza kupata asilimia 25 na ikawa safi. Kazi ya kurasa 80 iliyopata asilimia 4 inaweza kubeba kurasa tatu nzima zilizoibwa. Zaidi ya hayo, memwari nyingi za mkoa wetu ziko kwenye karatasi tu, zimefungwa kwa jalada gumu katika rafu za maktaba, na programu haiwezi kulinganisha na kisichowahi kuingia kwenye kompyuta yake. Mwanafunzi akishajua hayo, huanza kuandika kwa ajili ya programu: anabadilisha visawe hadi rangi nyekundu itoweke, yaani anafanya kwa bidii kilekile nilichokieleza katika mfano wa maharage. Chombo kilichokusudiwa kuzuia wizi kinamfundisha kuuficha.

Akili unde imeongeza uzito wa swali hili bila kulibadilisha. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa Novemba 2022, mwenye simu na mega chache anaweza kupata kurasa tano za Kifaransa fasaha kwa dakika moja, zikiwa na marejeo ambayo pengine hayapo duniani. Mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000, pamoja na ofisi yao, mwezi wa Juni 2023, kwa kuwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na mashine hiyo, hukumu ambazo hakuna aliyejishughulisha kuzifungua. Wengine wameweka matumaini katika vifaa vya kutambua maandishi ya mashine. Ningewaonya. OpenAI yenyewe, kampuni iliyoiunda ChatGPT, ilikiondoa kifaa chake mwezi wa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka huohuo kwamba vifaa vya aina hiyo viliwashuku isivyo haki watu walioandika Kiingereza kama lugha ya kigeni, kwa kuwa usemi wao ni mwepesi na wenye kujirudia. Mwanafunzi wetu anayeandika Kifaransa cha shule yuko katika hatari ya namna hiyohiyo.

Kwa hiyo idara ikitaka kuchukua hatua moja mwaka huu, ningeishauri isianze kwa kununua programu. Iagize kwamba mwanafunzi, kila anapokutana na direkta wake, alete fishi zake pamoja na rasimu, na direkta azisome angalau tano kabla ya kusoma sura. Fishi isiyo na ukurasa irudishwe. Siku ya kutetea, watahini wachague tanbihi tatu bila kumtaarifu mwanafunzi, na yeye awaonyeshe kifungu chenyewe, katika kitabu, katika picha ya simu au katika rekodi ya mahojiano, na aeleze kwa maneno yake kinasema nini. Nimesikia wenzangu wakisema kwamba muda hautoshi, kwamba direkta mmoja ana kazi ishirini za kuongoza na kila utetezi una dakika chache. Muda upo. Unatumika kuhesabu makosa ya chapa, kupima upana wa pembezo na kubishana kama kichwa cha kazi kilipaswa kuwa na neno «mchango» au «athari», wakati tanbihi ya ukurasa wa 12 haijafunguliwa na mtu yeyote.